Ukikosea, Simama

Wanafunzi wake wa jioni, watu wazima wenye kazi zao, walimwita Ticha Shati. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kiswahili hakina vile vineno vidogo vinavyotangulia nomino za Kiingereza, "a" na "the". Kwetu meza ni meza, basi. Kwa hiyo watu walivisahau kila siku, na kila siku yeye alipiga ubao kwa kiganja: "Nomino iko uchi! Ivisheni shati!" Aliyekosea alisimama, na hakukaa mpaka mwenzake akosee. Darasa zima lilivunjika mbavu. Ticha aliamini kwamba huko ndiko kufundisha.

Muhula huo akaja dada yake mkubwa, dobi wa hotelini, aliyemlea na kumsomesha kwa mikono iliyochubuliwa na sabuni. Nafasi ya msimamizi wa chumba cha kufulia ilikuwa wazi, na meneja, mgeni, hakujua Kiswahili.

"Mdogo wangu, nifundishe taratibu," alimwomba. "Kichwa changu kimeshaota kutu."

Siku ya kwanza tu alisema, "I wash sheet." Ticha akasita. Wanafunzi walikuwa wanamtazama waone kama atampendelea. Akapiga ubao.

"Shuka liko uchi! Simama!"

"Hee, hata dada mtu, ticha?" seremala akauliza.

"Hapa hakuna dada. Hapa kuna sarufi."

Wakacheka. Dada naye akacheka, akasimama, mikono nyuma kama mtoto. Alisimama mpaka kipindi kikaisha, maana baada yake hakuna aliyethubutu kufungua kinywa. Hakuacha kuja. Jioni baada ya jioni alisimama zaidi kuliko alivyokaa.

Nani alituambia kwamba akili ya mtu mzima inapimwa kwa kineno cha herufi moja? Ticha hakujiuliza. Alijiona mwadilifu.

Siku ya usaili alimsindikiza dada yake, akakaa kwenye benchi la korido. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Meneja aliuliza kwa upole jinsi ya kutoa doa la mafuta kwenye kitambaa cha meza. Hilo dada angelijibu hata usingizini. Pale hotelini, doa likishindikana, huitwa yeye.

"I put powder on stain..." alianza. Kisha Ticha akasikia kiti kikisogea.

Dada alikuwa amesimama. Mikono nyuma.

Meneja alidhani anaaga. Akainuka, akampa mkono, akamshukuru, akamwita anayefuata.

"Kwa nini ulisimama, dada?" Ticha alimnong'oneza koridoni.

"Si nilikosea?" Dada alilishangaa swali lenyewe. "Nikawa nangoja mwenzangu akosee nikae. Sasa mle ndani nani akosee? Tulikuwa wawili, na yule Kiingereza ni chake."

Uso wa Ticha ukawaka moto. Mle ndani, mwombaji wa pili alikuwa anamwaga nomino zilizo uchi bila wasiwasi, na meneja anamwitikia vizuri tu.

Akagonga, akaingia bila kukaribishwa.

"She was not leaving," alisema. "I taught her to stand."

Alieleza yote kwa Kiingereza safi, kila nomino na shati lake, na hakuwahi kujiona uchi namna ile maishani mwake. Meneja alimtazama kama mtu anavyotazama doa.

"Wewe ni mwalimu?" aliuliza kwa Kiingereza chake.

Ticha aliitikia kwa kichwa.

"Huyu akimaliza, dada yako arudi."

Zamu ilipofika, Ticha alimfungulia mlango. "Kaa, dada. Sema tu, hata nomino zikiwa uchi."

Dada akavuta kiti, akakaa. Lakini kabla ya kufungua kinywa aligeuka kumtazama mdogo wake, kuangalia kama kiganja kinapanda. Ticha akaificha mikono yake nyuma, akatoka, akasimama koridoni. Benchi lilikuwa tupu. Hakukaa.