Mtani Ndiye Asikilize Gitaa Lako

Waliokuwepo niwataje kwanza, maana habari isiyo na watu ni ugali usio na mboga. Alikuwepo kaka yangu Mhina, tumbo moja na mimi, mwenye gitaa. Wifi yangu Mariamu, mkewe, alikaa mlangoni anachambua mchicha. Saidi, mtoto wa mama yetu mdogo, ndiye mwenye redio kaseti. Na jirani yetu Bibi Kalunde, Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazigua. Wa mwisho mimi, msichana wakati huo, niliyetoka Kang'ata kuja kuishi kwa kaka, kambini kwenye mashamba ya mkonge upande wa Korogwe.

Mwanangu Hadija, nakuandikia wewe, na wenzako wanaojirekodi kwa simu wasome pia. Nimesikia gitaa umelificha nyuma ya kabati. Umejirekodi, ukajisikia, ukalia, ukafuta. Basi kaa nikwambie ya Mhina.

Kaka alikuwa mkata mkonge. Wewe mkonge unauona ukiwa ndani ya basi. Hujui ncha zake zinavyochoma, wala maji yake yanavyowasha mpaka mtu anajikuna usingizini. Bendi ya kambi ilikuwa imeondokewa na mpiga gitaa, na mwisho wa mwezi wangesikiliza watu wampate mwingine. Atakayechukuliwa angehamishiwa stoo, kusudi vidole vyake visiharibike. Kwa hiyo kaka hakutafuta sifa. Alitafuta kuiokoa mikono yake.

Wimbo wake ulikuwa wa kumlilia mama yetu, tuliyemzika mwaka ule. Mimi naimba mstari, gitaa linanijibu, naye anauvuta uzi mpaka unalia kama mtu. Wewe unauita bluzi. Sisi jina hilo hatukulijua, lakini siku uliponiwekea kwenye simu yako wale wazee wa Marekani, wa mashamba ya pamba, nilikwambia hawa nao wamekata mkonge. Ukacheka. Mimi sikutania.

Saidi akasema tujirekodi, tujisikie kama watu wa redioni. Tukarekodi, tukasikiliza.

Mhina akakunja uso. "Hilo si gitaa langu. Betri zako zimechoka."

"Betri mpya kaka, nimezifungua mbele yako."

Wifi Mariamu akasema umependeza. Saidi akasema umependeza. Na mimi nikasema umependeza, huku moyo unaniambia kuna kitu hakijakaa, ila sijui ni kipi. Ndugu ndivyo walivyo, mwanangu. Wanakupenda, wanakuonea huruma, na huruma yao inakuacha palepale. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Bibi Kalunde alikuwa uani kwake anatwanga. Akauegemeza mchi. "Nyie Wazigua, hebu rudieni hicho kioja."

Tukarudia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaangua kicheko mpaka akashika kiuno.

"Mhina, unafukuzwa na nani? Dada yako hajamaliza kuuliza, wewe umeshajibu! Anasema mama, hajasema mama kafanyaje, gitaa tititititi! Msiba gani huo, mnawahi basi?"

"Kwani Bibi, gitaa unalijua?" Kaka alishakasirika.

"Silijui. Kulia nakujua. Mimi niliingia kwenye kaburi la mama yenu nikagoma kutoka mpaka mkanipa kuku, leo nikuogope wewe? Na kuku mwenyewe alikuwa mgonjwa!"

Ninyi vijana mnadhani utani ni mzaha tu. Mtani alipewa ruhusa na wazee kusema lile ambalo ndugu wanalimeza, hata msibani, na ni mwiko kumnunia. Mhina akajitahidi kununa, kikamshinda kile kichekesho cha kuku. Akacheka. Akasema, "Haya, nifanyeje?"

"Mtu anayelia husema, akanyamaza, akameza mate, ndipo akaendelea. Wewe pa kumeza mate hujaweka."

Tukairudisha kanda kwa kuizungusha na peni, tusizimalize betri. Kaka akasikiliza kipande kimoja tu, pale ninapoimba jina la mama, na gitaa lake kweli likanikanyaga. Halafu akasema, "Nikiwa napiga, hilo silisikii." Mwanangu, hapo ndipo penye jambo. Mpigaji masikio yake yamehamia vidoleni. Nyani haoni kundule, na kaka miezi yote ile ya mazoezi alidhani tatizo lake ni mkono mzito, kumbe mkono ulikuwa mwepesi kupita kiasi.

Kuanzia hapo kila akitoka shamba tulirekodi kipande kilekile, si wimbo mzima. Tukisikiliza, ng'ambo ya ua mchi unatwanga, na sauti inakuja, "Bado unakimbia!" Kesho yake, "Leo unatembea, ila umevaa viatu vya kuazima!" Mpaka jioni moja mchi ukanyamaza. Tukangoja tutukanwe, hakuna neno. Tulipochungulia, Bibi Kalunde alikuwa ameketi juu ya kinu, anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Siku ya kusikilizwa, nilipoita mama, Mhina aliacha kupiga. Ukumbi wote ukawa kimya, mtu akakohoa kule nyuma tukamsikia. Ndipo akauvuta uzi. Wakamchukua. Mikono yake ilipona, ikabaki makovu, na wewe umeyaona, maana ndiyo mikono iliyokushikisha gitaa kwa mara ya kwanza.

Sasa wewe. Usifute. Unachokifuta ndicho mwalimu wako. Kilaze, kesho kisikilize kama wimbo wa mtoto wa jirani, uchague kosa moja, hilo moja tu, ulihangaikie mpaka lichoke. Marafiki wamekutumia vile vimoto vya kwenye simu, ni upendo, upokee. Lakini kimoto hakikuambii pa kunyamaza. Tafuta sikio lisilokuhurumia, la mtu asiyekutakia mabaya. Mficha uchi hazai.

Na utani unarithiwa. Maganga, mjukuu wa Bibi Kalunde, ndiye yule wa bodaboda hapo Masuguru. Nimempigia. Kaniambia, "Shikamoo Bibi. Mzigua akipiga gitaa mbuzi wa watu si watakata kamba?" Nimemwambia aje Jumamosi azihesabu kamba mwenyewe. Litoe gitaa nyuma ya kabati, likung'ute vumbi. Mpe chai. Akicheka, muulize amecheka wapi, mrudishe hapohapo, ujirekodi tena mbele yake. Na siku akinyamaza, ujue umefika.

Mungu avilainishe vidole vyako, akujalie sikio linalongoja kabla ya kujibu, wala asikunyime mtani maisha yako yote.

Na mimi shule niliiacha mapema, haya nimeyatoa kichwani. Kama nimekosea jina, au nimemruka aliyekuwepo, mnaokumbuka nirekebisheni, sitanuna. Maganga, wewe anza, najua umeshaona pa kunichekea.