Karatasi za Jirani wa Juu

Nilimdanganya jirani yetu kwenye ngazi, mkononi nina mfuko wa ndizi mbichi kutoka sokoni Walthamstow, hapa London. Alikuwa nesi, mwanamke wa Mombasa, akikaa ghorofa ya juu yetu. Binti yake mkubwa alikuwa ameshaingia chuo cha udaktari.

"Kaka, nasikia bintiyo naye afanya mtihani wa majaribio Jumamosi, ule wa udaktari. Nina karatasi za miaka iliyopita, tele. Njoo uzichukue."

"Mtihani gani? Huyu wetu hata hajui anataka nini."

Akacheka. "Basi vitabu vile avibeba kwa mazoezi ya mwili?"

Mimi sikucheka. Nimekulia Unguja katika nyumba ambamo safari haitajwi mpaka msafiri afike, na mimba haisemwi mpaka ijiseme yenyewe. Niliogopa jicho. Mwanamke yule hajapata kunitendea ila wema, nami nilimwogopa.

Shuleni kwao walikuwa wameshasema: watakaofanya vizuri kwenye majaribio ndio watakaoandikiwa barua za kupendekezwa udaktari mwaka ule. Binti yangu hakutaka kitu kingine duniani. Nami, niliyeishia kidato cha nne miaka michache baada ya Mapinduzi, nilijua namna moja tu ya kusoma. Nilimkalisha kwenye meza ya jikoni, nikashika kitabu mwenyewe na kumwambia asome kwa moyo. Akikosea neno, anarudi mwanzo wa ukurasa.

"Baba, hawaulizi hivi," aliniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Maswali ni mengi na dakika ni chache. Sijapata kuona karatasi nzima hata moja. Sijui niende mbio kiasi gani."

"Anayejua hababaishwi na saa. Rudi juu ya ukurasa."

Wakati huohuo nilisikia jirani anavuta kiti juu ya vichwa vyetu. Karatasi zilikuwa pale, umbali wa ngazi kumi na nne. Nilikohoa, nikageuza ukurasa.

Ijumaa binti yangu alishindwa kula. Aliomba aende kwa rafiki yake wakapimane kwa saa. Nikakataa, nikasema mtaa mzima utajua.

"Mtaa upi?" mke wangu akauliza kutoka kwenye sinki. "Hawa hata jina lako hawalijui, bwana wee. Husda watakuonea ya nini, koti lako?"

Binti yangu alicheka kidogo, halafu machozi yakamtoka. Hata hapo sikumwambia habari ya karatasi.

Jumamosi asubuhi nilimpeleka mwenyewe. Nilimsomea dua langoni, nikasimama nje kwenye baridi kwa saa mbili na nusu. Wenzake walitoka wakipiga kelele. Yeye alitoka mwisho.

"Nimeacha maswali kumi na tisa."

"Hukuyajua?"

"Niliyajua, baba. Sikuyafikia."

Orodha ilipobandikwa hakuwamo. Nilimwambia habari ya karatasi jioni ileile, mama yake akiwapo, kwa sababu sikuweza tena kumtazama. Nilidhani atapiga kelele, nikamwombea hata apige. Aliniuliza jambo moja tu: "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Akahesabu siku kwa vidole. Kisha akavaa viatu, akapanda juu, akagonga mlango wa jirani. Nilimsikia akisema, kwa Kiswahili safi ambacho sikujua kama anacho, "Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi kwa niaba ya baba."

Mwaka uliofuata alifanya tena majaribio, na mtihani wenyewe, akafaulu yote. Mimi niliambiwa yalipokuwa yamekwisha. Jirani ndiye aliyempeleka, na ndiye aliyesimama nje kumngojea.