Birika la ubatizo tulilojenga kwa saruji ya magnesiamu

Wakuu, salamu kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Haya yalinipata mwenyewe, sikusimuliwa. Asiyeamini aje, matofali bado yapo.

Ilikuwa wakati wa vita. Mpaka wa Bujumbura ulikuwa unafungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka, na saruji ya kawaida ilikuwa imetoweka mjini.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo, nimesoma ujenzi, nabishana na kila kitu. Shida ni kwamba nilimpenda Furaha, binti wa shemasi wa kanisa moja la kilokole pale Rugenge. Mimi Mkatoliki. Mzee aliniambia wazi:

"Matone uliyomwagiwa utotoni, minye siyahesabu. Uzame muzima-muzima, njo uoe."

Ziwani hatukuweza kwenda, askari walikataza watu kukusanyika ufukweni. Kanisa likaamua kujenga birika la matofali uani, juu ya ardhi.

Kwa saruji gani? Shemasi akaipata bandarini Kalundu: mifuko ya unga wa magnesia na mifuko ya chumvi yake, mzigo wa sakafu za ofisi fulani ambayo haikujengwa. Unayeyusha chumvi kwenye maji, unakoroga na ule unga, basi.

Wakuu, tusidanganyane, kitu kile ni kigumu! Tukajenga, tukapiga lipu. Kesho yake tu shemasi aliigonga kwa nyundo, nyundo ikaruka. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepigwa.

"Sawa papa, iko nguvu," nikasema. "Lakini umeipiga ikiwa kavu. Hii ni ya sakafu, haipatani na maji."

"Weye unaogopa mayi ya ubatizo, unasingizia simenti."

Hapo nikajua nimekwisha. Kila swali la ujenzi nililouliza lilihesabiwa kuwa mashaka ya imani.

Nikatia donge lake kwenye ndoo ya maji nyumbani. Baada ya muda nikawa nalikwaruza kwa ukucha kama sabuni. Nikawapelekea kwao Furaha. Mama yake Furaha akaguna: "Shetani naye anajuaka kemia."

Furaha akanivuta pembeni. "Nyamaza, uzame, tuoane. Maswali utaniuliza mimi, kwetu, maisha yako yote."

Akina mama walijaza birika kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Ukuta ukaanza kutoka jasho jeupe. Nikanyamaza.

Siku ikafika, ua umejaa. Tonton, mdogo wa baba yangu, katekista wa Kikatoliki, alikuja kunicheka. Alikaa mbele kabisa asije akakosa kitu.

Nikaingia na mchungaji, maji kiunoni. Akanishika kichwa. "Nakubatiza kwa..."

PAA!

Kipande cha lipu kilibanduka kikaangukia bati lililolazwa chini ya ukuta.

Miaka ile, Uvira, ukisikia paa huulizi. Ua mzima ukalala kifudifudi: shemasi, kwaya, Tonton. Mchungaji naye akalala, humo humo majini.

Mimi peke yangu nilijua ni saruji. Nikabaki nimesimama.

Kisha ukuta ukaachia. Matofali yakateleza kama yamepakwa siagi, maji yote yakapita juu ya waliolala. Hakuna aliyeumia, ila ngoma moja.

Wakainuka wanachuruzika. Shemasi akapangusa macho, akanikagua. Kuanzia kiunoni kwenda juu, mkavu.

"Batu wote wamezama," akasema. "Hata katekista! Weye tu njo umebaki."

"Papa, nilijua ni ukuta..."

"Unajuaka sana."

Nikamtazama Furaha. Tope hadi kwenye nyusi, anacheka hadi anashindwa kusimama.

Maji yaliyobaki yalikuwa yametuama kwenye mtaro, meupe kama uji. Nikaenda nikajilaza chali. Sikuuliza kitu. Mchungaji akaendelea pale alipokatishwa, na kisigino changu kilichobaki nje, shemasi akakikanyaga mwenyewe kikaingia.

Tukaoana.

Nilichojifunza: saruji hii inashika haraka na ni ngumu kweli, kwenye sakafu kavu ya ndani inafaa. Lakini ugumu wa kesho yake haukuambii itadumu vipi. Ijaribu katika hali itakayoishi, siyo kwa nyundo tu.

Mafundi mliowahi kuitumia, leteni yenu. Na walokole mliomo humu, nisaidieni: Tonton anadai ubatizo wake hauhesabiki kwa sababu alilala kifudifudi. Ni mtu wenu, au bado Mkatoliki?