Pipa la Mama Taaka

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Wameshaniambia nilikuwa na homa. Wameshaniambia ni uchovu wa kuuguza. Sikuwa na homa, na wala haikuwa usiku. Ilikuwa Jumapili saa nne asubuhi, jua linawaka, ngoma za kanisani zinasikika, na mtu niliyemwona kando ya pipa la takataka ni mtu niliyemzika kijijini Dabani kwa macho yangu haya.

Mimi nakaa Busia, upande wa Uganda, nauza mitumba. Ploti yetu ina vyumba vitatu mstari mmoja, na nyuma, karibu na choo, kuna pipa moja la chuma, yale ya mafuta. Landilodi alilileta akatuambia tulitumie pamoja kama ndugu. Ndugu gani? Wewe umewahi kushiriki pipa na watu? Huyu anajaza maganda ya matoke mpaka yanamwagika, yule anatupa pampasi bila kuifunga, na siku ya kumwita mtu wa mkokoteni kila mmoja ana safari. Chumba cha katikati alikaa fundi wa simu, mtu mzima na ndevu zake, ambaye pipa likijaa analimwagia mafuta ya taa na kulichoma papo hapo. Moshi wote unaingia kwangu. Chumba cha mwisho alikaa Mama Taaka.

Huyo Taaka mwenyewe hatukuwahi kumwona. Siku moja nilimuuliza, "Mama Taaka, mtoto yuko wapi?" Akanijibu, "Yupo." Nikajua yupo kwa ndugu.

Ugomvi wetu naye ulikuwa huo huo wa pipa. Kila asubuhi anatoka na kijiti, anachambua takataka zetu. Fundi akitaka kuchoma, anasimama mbele yake. "Msitupe vumbi la chumbani humu," anasema. "Kila mtu achukue lake." Sisi tulichukia. Nani anapenda jirani apekue uchafu wake? Nilimfokea mara nyingi, na fundi alimwambia mbele ya watu kwamba kama analipenda pipa kiasi hicho alale humo. Yeye akainamia pipa. Aliendelea kuchambua.

Akaugua tumbo, akapelekwa hospitali, hakurudi. Tulikwenda kumzika Dabani, mimi na fundi. Huko ndiko dada yake aliponivuta kando akaniambia habari ya Taaka. Alikuwa msichana, na alikufa mchanga kabisa, miaka mingi iliyopita, katika ploti nyingine. Kitovu chake kilipokauka kikaanguka, mama yake alikifunga kwenye kitambaa akingoja kukipeleka kwa baba wa mtoto. Mtu akafagia chumba, kitambaa kikaingia kwenye pipa la majirani, hakikuonekana tena. Mtoto akaacha kunyonya. Basi.

Kwetu Wasamia kitovu hakitupwi, unajua. Kinazikwa nyumbani kwa baba, na hapo ndipo mtoto anakuwa na kwao. Kikipotea, mtoto yuko njiani tu, yeyote anaweza kumwita akaenda. Niliposikia hayo nilimhurumia sana yule mama. Lakini alikuwa ameshafukiwa, ningemwambia nani pole?

Baada ya mazishi mambo yakaanza. Unaamka, unakuta takataka zako mlangoni. Sikudanganyi. Maganda yangu kwangu, nyaya na vioo vya simu kwa fundi, hakuna kilichokosewa. Tulisema ni yule kichaa wa stendi. Fundi akaweka kufuli kwenye geti. Asubuhi yake tukakuta kufuli limefungwa vilevile na uchafu uko mlangoni, umepangwa vizuri. Kabla mwezi haujaisha fundi akahamia Malaba.

Wakati huo binti yangu Nabwire akajifungua, akaja kupumzika kwangu. Mtoto wa kike, mnene, wanamwita Athieno, jina la kwa baba yake, maana mume wake Owor ni Mjapadhola wa Tororo. Kitovu kilipoanguka tulikifunga kwenye kitambaa cheupe, tukakitia ndani ya kikopo cha siagi, tukakiweka chini karibu na godoro la Nabwire. Tulingoja mtoto apate nguvu, Owor akipeleke kwao.

Sasa Owor. Kijana mzuri, anafanya kazi na malori Malaba, ana heshima mpaka inaudhi. Kwao na kwetu mkwe haingii ninapolala nikiwepo, na mimi nina chumba kimoja tu. Kwa hiyo anakuja nikiwa sokoni, anaondoka kabla sijarudi. Siku hiyo Nabwire alikuwa nje anamwogesha mtoto, na Owor akataka kunifurahisha. Akafagia chumba chote. Akapiga deki. Akakusanya uchafu, akautia kwenye pipa, akaenda zake.

Nilirudi nikakuta sakafu inang'aa, nikasema moyoni, huyu kweli ni mwana. Jioni mtoto akakataa ziwa. Usiku mwili ukawa wa baridi kama chungu cha maji. Nabwire akapeleka mkono kwenye kikopo, kikopo hakuna. Tukampigia Owor, akaja mbio na bodaboda, akasimama nje ya mlango ananipa mgongo, kwa heshima. "Mama," anasema, "mimi naona kikopo, nadhani ni tupu. Natupa." Ningemgombeza vipi?

Tulilimwaga pipa lote chini. Tulichambua kwa tochi, kwa mikono, Nabwire analia na maziwa yanamtoka. Kikopo tulikipata. Kilikuwa wazi, hakina kitu. Asubuhi nikakimbilia mlangoni nikitumaini, maana kila kitu changu kilikuwa kinarudishwa. Maganda yalirudi. Vumbi lilirudi. Kitambaa hakikurudi.

Mtoto akalazwa. Jumapili ile Owor na Nabwire walikuwa hospitalini, mimi nimekuja kuchukua nguo na uji. Ploti tupu, vyumba vile viwili havijapata wapangaji, mtaa wote uko kanisani. Nikasikia kijiti kinagonga chuma. Nikazunguka nyuma ya choo.

Alikuwa ameinama kwenye pipa. Leso ile ile ya manjano, miguu ile ile yenye nyufa. Hakuwa na harufu, hakuelea, hakuwa na lolote kati ya hayo mnayosimuliana. Tofauti ilikuwa moja tu: nzi. Pipa lile lina nzi siku zote. Siku ile hapakuwa na hata mmoja.

Nilitaka kukimbia, niamini. Lakini nilikuwa nimemwacha mtoto na sindano mkononi, amefumba macho. Nikapiga magoti pale penye maji machafu. Nikasema, "Mama Taaka, naomba cha mtoto."

Akanigeukia. "Nilisema kila mtu achukue chake," akasema, bila hasira. Akafungua viganja vyote viwili. Katika kila kiganja palikuwa na kitambaa kidogo kimefungwa fundo, vyote vimejaa majivu, vyote rangi moja. Hapo nikaelewa kwamba cha Taaka wake naye alikuwa amekipata.

"Ni kipi?" nikauliza.

"Wewe ni nyanya yake. Hukijui?"

Mimi ndiye niliyefunga lile fundo. Ningepaswa kulijua. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, machozi yananizuia kuona. Nikanyoosha mikono nichukue vyote. Akafumba kiganja cha kushoto, taratibu, akabaki ananitazama. Nilichukua kile cha kulia. Kilikuwa na joto. Nilipoinua uso palikuwa na pipa tu, na nzi wamerudi.

Simu ikalia mfukoni. Ni Nabwire, anacheka na kulia pamoja. "Mama, amenyonya."

Owor alikizika kitambaa kwao Tororo, chini ya mgomba nyuma ya nyumba ya baba yake. Takataka hazikurudi mlangoni tena. Unadhani nilishukuru? Nilishukuru sana. Nilifunga na kusali.

Sasa mtoto anatembea, ana afya, anakula kama mfanyakazi. Lakini ukimwita Athieno hageuki. Walimpeleka akapimwa masikio, wakaambiwa masikio hayana shida. Owor anasema ni ukaidi wa kwetu Wasamia. Juzi dada yake Mama Taaka alipita kwangu kunijulia hali. Tumekaa mlangoni, tunazungumza ya marehemu, mtoto anachezea kijiko kwenye vumbi. Yule dada akataja jina la Taaka, kawaida tu. Mtoto akaweka kijiko chini. Akaitika. Akainuka akamwendea mpaka magotini, akamshika leso, na jina hilo nyumbani kwangu halijatajwa mbele yake hata siku moja.

Sijamwambia Nabwire. Owor ndiyo kabisa. Nikisema chimbeni pale mgombani, na kama kilichozikwa kilikuwa chake kweli? Na kama si chake, kile kingine nitakidai wapi?

Wewe mwenye pipa la kushiriki, sikiliza. Nunua debe lako, hata kuukuu. Mtu akifagia chumba chenye mtoto mchanga, hakikisha unakitazama kile anachobeba. Na ukimkuta jirani anachambua takataka, kabla ya kumcheka muulize amepoteza nini.

Kesho Nabwire anamleta kushinda kwangu. Nitasimama mlangoni nimwite Athieno, kama kawaida, mara mbili, mara tatu. Akinipa mgongo akaanza kwenda kule nyuma kwenye pipa, nitamwita nani ili arudi?