Santuri za Baba na Jumatano za Mama

Mwaka ule mto Lumemo ulipoingia mitaani kwetu Ifakara, maji yalikaa sebuleni kwa baba siku tatu. Yalipoondoka yaliacha tope laini jekundu kwenye kila kitu kilichokuwa chini ya kimo cha goti, na chini ya kimo cha goti ndipo zilipokuwa santuri.

Zilikuwa mia moja na kidogo, zote za muziki wa Ulaya wa zamani: okestra, piano, fidla, na kwaya zinazoimba Kilatini. Baba alizipata kwa padri mmoja mgeni aliyemfundisha kupiga kinanda alipokuwa kijana kule upande wa Mahenge. Padri alipougua na kurudi kwao, aliacha masanduku mawili na kikaratasi kilichosema, "Ya mwalimu." Mwalimu ndiye baba. Alifundisha shule ya msingi miaka yote na kuongoza kwaya ya parokia, na nyumbani alitufundisha kila kitu kilichofundishika.

Mimi ninafanya kazi Morogoro, kwenye chumba cha mafaili ya wagonjwa hospitalini. Nilipokwenda nyumbani kwa likizo yangu, mpunga ulikuwa umeshavunwa na mji wote unanuka makapi na vumbi tamu. Nilimkuta baba amekaa kwenye kiti chake barazani. Presha ya macho ilikuwa imemaliza kazi yake. Alibakiwa na mwanga tu, kama mtu anayetazama kupitia maji ya mchele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeziona?"

Nilikuwa nimeziona. Makava yalikuwa yamegandana yakawa kama mkate uliolowa. Lebo za katikati zilikuwa zimebanduka karibu zote. Baba alikuwa akizitambua kwa kupapasa makava, hili limekunjika pembe, hili lina mkanda wa plasta. Sasa zilikuwa duara nyeusi zinazofanana.

"Mimi sizioni," alisema, "na zenyewe hazina tena sura. Utanisaidiaje?"

Nilimwambia nimekuja na laptop. Mwenzangu wa ofisini alikuwa amenipa kwenye flashi programu ndogo ya kuorodhesha muziki, ya bure, isiyohitaji hata intaneti. Ukiifungua inakupa visanduku vichache vya kujaza: mtunzi, jina la kazi, wapigaji, mwaka, na chini kabisa kisanduku kirefu cha maelezo. Ukijaza unabonyeza, inakupa namba. Hakuna zaidi.

"Itazisikia zenyewe?" baba aliuliza.

"Haisikii, baba. Inaandika tu kile tutakachoiambia."

"Basi ni kama karani."

"Ni kama mimi," nikasema, na akacheka.

Tulianza kesho yake asubuhi. Niliziosha santuri moja moja kwenye beseni, kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nikazisimamisha kwenye kichanja cha vyombo uani, kati ya sahani na vikombe, upande wa kivuli. Moja niliisahau juani ikajikunja kama bakuli. Upepo ulipovuma kutoka mashambani zilitoa mlio mdogo zikigusana, na matone yalitiririka kwenye mistari yake myembamba kama yanayotafuta pa kuanzia. Kichezeo chenyewe cha santuri, kile cha betri, kilikuwa juu ya kabati wakati wa mafuriko. Fundi redio wa sokoni alikifungua, akakipuliza, akakirudisha kikiwa kizima.

Kazi yangu ilikuwa kuweka sindano na kusubiri. Kazi ya baba ilikuwa kusikiliza. Mara nyingi hazikupita pumzi tatu kabla hajainua kidole. Alitaja mtunzi, akanitajia herufi zake moja moja, akaeleza ni sehemu ya ngapi na chombo gani kitaingia. Mwaka wa kurekodiwa hakuujua hata mmoja. Nilipomuuliza mwaka, alisema, "Hii ilipigwa kwangu mara ya kwanza siku dada yako alipoanza kutembea," au, "Hii ni ya ile masika daraja halijajengwa, tukakaa kivukoni siku mbili." Niliacha kisanduku cha mwaka wazi, nikaandika hayo kwenye maelezo.

Sijui nieleze vipi zile asubuhi. Ukungu ulikaa kwenye milima ya Udzungwa kama pamba, halafu ukayeyuka, na milima ikawa karibu ghafla. Fidla zilipanda, mkono wa baba ukapanda nazo. Treni ya TAZARA ilipiga honi mbali, na kwa bahati ya ajabu honi ikaingia mahali pake ndani ya wimbo, baba akatikisa kichwa kama mtu aliyeitarajia. Saa zilipita bila kugongana. Wakati mwingine nilijikuta nimeshika santuri iliyolowa mkononi nisijue nimesimama hapo muda gani.

Kwenye santuri ya tisini na kitu tulimaliza zile nzima. Ndipo baba akasema, "Sasa kanda."

Nilikuwa nimezisahau. Zamani sindano zilipokuwa adimu, baba aliogopa siku moja zitaisha kabisa, akaanza kunakili santuri kwenye kanda za kaseti. Hakuwa na waya wala mtambo. Aliweka redio kaseti mbele ya spika ya kichezeo, akabonyeza kurekodi, akatukataza kukohoa. Kila Jumatano, shule inapopumzika mchana, alikuja mbio nyumbani, akaanzisha santuri na kanda pamoja, akarudi shuleni kufundisha kwaya. Jioni alitoa kanda, akaandika namba, akaiweka kwenye kopo la biskuti juu ya dari. Lakini sindano hazikuisha. Kila mara palitokea mtu wa kumletea nyingine, na zile kanda hakuwahi kuzisikiliza hata moja. Maji hayakuzifikia.

Hapa niseme kuhusu mama, ambaye alifariki miaka mingi iliyopita. Sisi watoto tulijua mambo mawili juu ya mama na muziki. Aliimba sauti ya pili kanisani, vizuri kuliko wote. Na hakuupenda muziki wa santuri. Baba akiuweka Jumapili, mama alichukua ungo akatoka nje. "Muziki wenu unalia kama umefiwa," alisema. Baba hakumlazimisha, ila nilimwona akimtazama akitoka.

Kanda ya nne ilikuwa ya okestra, polepole sana, fidla kubwa zile zinazoshikwa katikati ya magoti ndizo zilizokuwa zinaongoza. Baba alitaja mtunzi, nikaandika. Kisha chini ya muziki nikasikia kitu kingine: shaa, shaa, shaa. Nilidhani ni kanda iliyochakaa. Baba aliinamisha kichwa.

"Huo ni ungo," alisema.

Kuna mtu alikuwa anapepeta mchele chumbani, kwa utaratibu, na ungo ulikwenda sawasawa na okestra. Halafu sauti ya mwanamke ikaanza kuvumisha, mdomo umefungwa, sauti ya pili chini ya fidla. Haikukosea hata mahali pamoja. Mtu haujui wimbo namna ile kwa kuusikia mara moja.

Sikumtazama baba. Nilitazama mikono yangu juu ya laptop.

Kwenye kanda mtu akapiga hodi. Mama akasema haraka, kwa kunong'ona, "Karibu, kaa, usiseme kitu! Panakuja pale ninapopapenda." Muziki ulipanda taratibu, ukafika juu, ukakaa pale, ukashuka. Sindano ikafika mwisho ikaanza kukwaruza. Tukasikia hatua, na sindano ikainuliwa kwa uangalifu, ikarudishwa katikati ya wimbo. Pale mahali pakapigwa tena.

Aliyepiga hodi aliongea muziki ulipokwisha. Nilimtambua: ni mama mmoja aliyekuwa jirani yetu, ambaye baadaye alihamia Mchombe kwa wanawe wanaolima mpunga.

"Wewe si huwa unasema huupendi?" aliuliza yule jirani.

Mama akacheka, kicheko chake kile cha puani. "Nikimwambia mwalimu kwamba naupenda, ataanza kunifundisha. Hiki kinaitwa hivi, huyu alizaliwa kule. Halafu ataniuliza maswali. Mimi nataka kusikia tu."

Kanda ikaendelea na ungo, kuku, na watu waliokuwa wakipita njiani, mpaka ikakatika.

Baba akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Tulisikiliza mara tatu. Baada ya ile ya tatu aliamka, akashika ukuta, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Kesho yake niliwasha laptop kama kawaida. Akasema, "Leo hatuandiki." Keshokutwa yake pia hatukuandika. Alikula kidogo. Siku ya tatu nilikuwa namkatia kucha barazani, akaniuliza bila kunigeuzia uso:

"Mwanangu, nilikuwa nafundisha sana?"

Ningeweza kumdanganya. "Ndiyo, baba. Ulikuwa unafundisha sana."

"Hata ninyi?"

"Hata sisi. Hata wageni."

Nikamaliza mkono mmoja, nikaanza mwingine. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa, kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi. "Miaka yote ile," alisema. "Nilikuwa nakaa mle ndani na muziki peke yangu, namwonea huruma kwamba hausikii." Machozi yaliendelea kicheko kilipokwisha, nami nikaacha kukata kucha.

Akataka twende Mchombe.

Tulipanda gari la asubuhi linalokwenda Mlimba. Nilimwelezea njia: mashamba yaliyobaki mabua, ng'ombe wa Wasukuma wakilisha ndani yake, magunia ya mpunga yamesimama mlangoni mwa kila nyumba. Redio kaseti nilikuwa nimeipakata. Yule mama tulimkuta kwake, amezeeka, mwembamba, anaanua mpunga kwenye turubai. Alipomwona baba alitupa reki.

"Mwalimu! Umekuja na macho ya nani?"

"Ya binti yangu," baba akajibu.

Tulikaa ndani. Nilimwekea kanda. Aliposikia hodi yake mwenyewe alishika mdomo, na aliposikia mama akicheka alifunika uso kwa khanga. Tuliisikiliza mpaka ilipokatika.

"Alifanya hivyo mara ngapi?" baba aliuliza.

"Kila Jumatano, mwalimu. Jumatano mwenzangu hakwenda shamba. Alisema mgongo."

"Mimi nilimnunulia dawa ya mgongo."

"Alinipa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nao."

Baba alitaka kucheka ikashindikana. "Kwa nini hukuniambia? Hata baada ya mazishi?"

Yule mama alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu swali aliloulizwa. "Hukuwahi kuniuliza. Na yeye alikuwa na furaha, mwalimu. Hakuwa anakuficha kwa hasira. Ulikuwa unamwekea muziki, anausikiliza, wewe uko shuleni. Yeye aliona mko pamoja."

"Na ule muziki, wewe uliupenda?"

"Mimi nilisikia kelele tu, nisamehe. Nilikuwa nakuja kumtazama yeye anavyosikiliza."

Baba akamwomba amweleze. Akaeleza pale pale, bila kupamba: kwamba mama alikaa chini, mgongo ukutani, miguu amenyoosha, kwamba muziki ulipofika mahali pale ungo ulisimama wenyewe, kwamba alifumba macho na kufungua mdomo kidogo, kama mtoto aliyelala. Baba alisikiliza uso ukiwa umeelekea dirishani, mwanga ukimwangukia. Sikuwahi kumwona akisikiliza mtu kwa muda mrefu namna ile bila kuingiza neno.

Tulirudi na kibaba cha mchele mpya na kuku wawili. Siku zilizobaki za likizo tuliendelea na kanda, na ndani yake mama alikuwemo mara nyingine sita: anaita kuku, anaomba kibiriti dirishani kwa jirani, anavumisha. Pa kumwandika palinitatiza. Programu ile haikubali kuhifadhi bila jina la mtunzi, hilo tulilijua, wapigaji je? Baba alisema niweke okestra, kisha koma, kisha mama. Nikaweka. Imempa namba saba, moja kwa kila kanda anamosikika.

Santuri tatu zilibaki bila kujulikana. Moja ni ya piano, fupi, inayokwenda kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Niliijaribu mara mbili, kidole cha baba hakikuinuka. Zamani ingemkosesha usingizi. Akasema niandike "haijulikani", halafu niiache iendelee kupiga.

Sasa niko Morogoro na orodha iko kwenye laptop yangu. Dada yangu anayekaa na baba anajua kuweka sindano; namba nimezibandika kwa plasta kwenye kila mfuko mpya wa karatasi. Jumapili baada ya misa baba hunipigia simu. Namsomea orodha polepole, mistari kumi au kumi na tano, na yeye husikiliza, nami nasikia kuku wa uani kwetu na watu wakipita njiani. Nikifika kwenye anayoitaka ananiambia nisimame. Kisha anamwita dada, anamtajia namba, na anasahau kukata simu. Huwa naiweka mezani, sauti imefunguliwa, nikiendelea kupiga pasi nguo zangu za kazi za wiki.