Mgeni Mmoja Aliumia Kidogo

Siku ndugu zangu walipompiga mume wangu mpaka jicho likapasuka, kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Na kabla hawajaanza nilikuwa nimewatangazia watu wote wasiogope, kwa kuwa yote watakayoyaona ni maigizo tu.

Nilikuwa katibu wa chama cha historia cha kijiji chetu, upande wa Mpitimbi, huko Songea. Chama chenyewe kilikuwa wazee tisa, mwenyekiti akiwa katekista mstaafu, na mimi mwalimu wa darasa la nne niliyechaguliwa kwa ajili ya mwandiko na sauti. Kila mwaka baada ya mavuno tulifanya siku yetu mbele ya ghala la ushirika, ambalo miaka hiyo ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, lilibaki tupu, maana mahindi yalichukuliwa na watu wa malori moja kwa moja majumbani. Wanaume walicheza ligihu, ngoma ya vita ya Wangoni, kwa ngao na marungu ya mababu. Kisha marungu yalitundikwa ukutani, tukala, nikasoma simulizi za wazee nilizozikusanya, na mwisho tukaigiza Vita vya Majimaji.

Shida ilikuwa askari. Kila mtu alitaka kuwa shujaa. Hakuna Mngoni aliyekubali kuwa askari wa Mjerumani, awafunge wenzake kamba shingoni mbele ya mama yake. Ndipo wakamkumbuka mume wangu. Yeye ni Mhehe wa Iringa, alikuja kutengeneza mashine ya kusaga akanioa. Mhehe na Mngoni ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakabaki kutukanana. Mtani atakuita mla panya, nawe utamwita mla mbwa. Atabeba kuku wako mchana kweupe, na ukikasirika kosa ni lako. Hata msibani ni yeye anayecheka watu wanapolia, ili uchungu upungue. Basi wakasema, huyu ndiye askari wetu.

Miaka mitatu alifanya kazi hiyo amevaa gunia lililotobolewa matundu ya mikono, kwa kuwa nguo zilikuwa adimu. Kitambi kilimtangulia. "Haya, wala panya, mstari mmoja!" alifoka, na watu walicheka mpaka wakakaa chini. Halafu mashujaa walimcharaza kwa mabua ya mahindi, akaanguka, akafa kwa madaha, akafufuka kuomba togwa. Aliyekuwa akimwua kila mwaka ni kaka yangu mkubwa, na baada ya hapo walikunywa pombe ya komoni kwa kata moja.

Mwaka wa nne nikaharibu. Sina wa kumsingizia.

Kwanza nilimnunulia koti. Mitumba ilikuwa imeanza kumwagika sokoni Songea mjini, na katika fungu moja nikalikuta koti la kaki, zito, lenye vifungo vya shaba. Nililifurahia kama mjinga. Alipolivaa, na mabuti juu, kitambi kilipotea ndani yake na shemeji wa watu akapotea nacho.

Pili nilipindua ratiba. Afisa utamaduni alikuwa mgeni rasmi na alitaka kuondoka mapema, chakula kilikuwa hakijaiva, nami nilitaka mno asikie ninavyosoma. Nikaweka kusoma kwanza, halafu ligihu, halafu maigizo papo hapo. Kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kutundika marungu. Mabua yalikuwa yamefungwa vizuri nyuma ya ghala, na hakuna aliyeyakumbuka, hata mimi niliyeyafunga.

Na niliyoyasoma yalikuwa ya bibi yetu mzaa baba. Hakuwahi kutusimulia nyumbani. Mimi nilimkalia wiki mbili jikoni na daftari mpaka akatoa aliyoambiwa na mama yake: askari walivyochoma vihenge vya chakula vyote, walivyompiga mama huyo kwa kitako cha bunduki kwa sababu ya kibaba cha ulezi alichokificha kwenye nguo ya mtoto, na mtoto huyo ndiye bibi, baba yake bibi alivyoondoka amefungwa kamba ya shingo, asirudi, ndugu yake mkubwa alivyokutwa amekufa kwa njaa, udongo umejaa mdomoni. Bibi aliniambia, "Uandike tu, mjukuu wangu. Usiwasomee." Nikawasomea, kwa kipaza sauti kilichounganishwa na betri ya gari. Kaka yangu alikuwa amesimama mstari wa mbele na ngao, ndiyo mara yake ya kwanza kusikia. Nilimwona akilia, na Mungu anisamehe, nilijisifu moyoni kwamba nimesoma vizuri.

Wakacheza ligihu huku wengine wanalia. Ardhi ilitikisika kwa miguu. Nikatangaza yale maneno yangu ya wasiogope. Mume wangu akatoka nyuma ya ghala katika koti lile, akaona nyuso zile, akafanya anachopaswa kufanya mtani akikuta watu wanalia. Akatania. Akamtia kaka yangu kamba shingoni kama kila mwaka, akaivuta, akasema kwa sauti, "Twende, mla panya! Leo utakula udongo!"

Hakuna aliyecheka.

Kaka yangu aliinua rungu akampiga mdomoni. Nilisikia taya likivunjika, kwa kuwa kipaza sauti kilisikia pia. Mume wangu alikaa chini, akainua mkono kama mtu anayesema subirini, na rungu la pili likauvunja ule mkono. Wakaja wengine, binamu zangu, watu ambao mashine zao za kushonea aliwatengenezea bure, wakampiga mgongoni, mbavuni, kichwani, wakamkanyaga kwa miguu ileile ya ngoma, na kila pigo waliliitikia kwa pumzi ya ligihu. Wanawake walipiga vigelegele. Afisa alipiga makofi. Nilipiga kelele, "Mnamwua! Mnamwua kweli!" na sauti ikasambaa uwanja mzima, watu wakazidi kushangilia, wakasema mwalimu mwaka huu ameigiza vizuri. Nilitupa kipaza sauti nikaenda kumlalia. Rungu moja likanipata begani. Hata leo mvua ikikaribia bega hunijulisha. Waliacha walipoona damu yangu.

Tulimpeleka hospitali kwa lori la mahindi. Kabla lori halijaondoka, mwenyekiti alipanda ubavuni akaniambia, "Mwanangu, mzaha mzaha hutumbua usaha. Lakini mtani haendi polisi. Ukisema ukweli, kaka yako anafungwa na chama kinafungwa." Muuguzi aliponiuliza kilichotokea, nikasema mkanda wa mashine ulikatika ukamchapa. Alinitazama, akaitazama alama ya unyayo kwenye mbavu, akaandika. Mume wangu alikuwa na jicho moja la kunitazamia, na alinitazama nalo.

Kaka alikuja siku ya nne na kuku mikononi. Alisimama miguuni pa kitanda, akajitahidi. "Mhehe hafi kwa rungu moja, mla mbwa wewe." Sisi sote tulingoja tusi lake. Mume wangu, taya likiwa limefungwa kwa waya, akatamka polepole, kwa heshima yote, "Shikamoo, kaka." Katika miaka saba ya ndoa yetu hakuwahi kumwamkia hivyo. Kaka aliweka kuku sakafuni akatoka nje. Tangu siku hiyo waliamkiana kama watu wa benki, mpaka kaka akafa. Mazikoni watu walimngojea mtani aingie kaburini alale, azuie jeneza, atoe maneno yake. Alitoa pole, akashika koleo, akafukia.

Chama nacho kilikufa. Juzijuzi vijana wa shule wametaka kukifufua, wakaja nyumbani kuomba daftari la mihtasari. Nililitoa sandukuni nikalipangusa. Mume wangu alikuwa barazani. Jicho lililobaki nalo limeingia ukungu, hasomi tena.

"Nisomee siku yangu," akasema.

Nilijua ukurasa. Nilikuwa nimeuandika wiki ile ile, yeye bado hawezi kumeza uji, mwenyekiti akiwa amekaa mbele yangu. Nikasoma mwandiko wangu mzuri: "Maigizo yalifana kuliko miaka yote. Mgeni mmoja aliumia kidogo."

Akauliza, bila hasira, "Mgeni gani?"

Nilichukua kalamu. Chini ya mstari ule nikaandika jina lake kamili, na la baba yake, na kijiji chao huko Iringa. Nikaandika jina la kaka yangu na alichokishika mkononi. Nikaandika la kwangu, na kwamba nilimdanganya muuguzi. Alisikia kalamu ikikwaruza karatasi mpaka ikaacha.

"Sasa soma," akasema.

Nikafungua mdomo, mimi niliyechaguliwa kwa ajili ya sauti, na haikutoka.