Ulimi wa Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na tisa, wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni walipikiwa na mwanamke waliyemwita Mwiko, kwa sababu mwiko wake ulikuwa mrefu kama kasia na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Alilisha watu mia mbili na arobaini kila mchana bila kupima chochote. Aliinamia sufuria, akavuta harufu, akadondosha mchuzi kiganjani na kulamba. Akisema umeiva, umeiva.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama mkwe wake, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, hakuwahi kumaliza sahani bila neno. Leo chumvi imezidi, kesho haipo. "Mwanangu bado ana afya kwa sababu nilimlisha vizuri utotoni," aliwaambia majirani. Mwana mwenyewe, fundi baiskeli, alikula ameinamisha kichwa. Alijua wapiganapo tembo nyasi ndizo ziumiazo.

Halafu Mwiko akashikwa na mafua makali yaliyomlaza wiki mbili. Siku aliyorudi kazini alihisi pale getini kwamba kuna kitu kimepungua. Ilikuwa harufu ya sabuni, ile inayokupokea kabla hata ya mlinzi. Akavuta pumzi tena. Wapi. Jikoni akainamia vitunguu, hakuna kitu. Akaweka chumvi ulimini, ikawa kama mchanga.

"Huenda ikarudi," daktari alimwambia. "Baada ya mwezi, au mwaka. Kwa wengine hairudi."

Mwiko aliamua kuficha. Alipika kwa kumbukumbu, na kwa siku tisa mambo yakaenda hivi hivi. Siku ya kumi maharage yaliungua huku amesimama palepale, akiyakoroga na kuimba. Isitoshe, alikuwa ameyatia chumvi mara mbili. Wafanyakazi walikula, kisha wakapanga foleni kwenye bomba la maji.

"Mwiko," fundi mitambo mmoja aliuliza kwa upole, "leo umetupikia bahari?"

Msimamizi wa kantini alimwita pembeni. Hakumfokea, na hilo lilimuuma zaidi. Alimwambia kama hawezi tena, Jumatatu atamhamishia upande wa usafi.

Jioni hiyo mama mkwe alimkuta jikoni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, machozi yanamtiririka.

"Nani kafa?"

"Pua yangu, mama. Na ulimi."

Akamweleza yote. Yule bibi akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Kwa hiyo wiki hizi mbili, niliposema chakula hakina ladha, nilikuwa nasema kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Na miaka yote ile ya nyuma?"

"Ile ulikuwa unanionea tu."

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Alipotulia, aliuliza Jumatatu wanaondoka saa ngapi.

Jumatatu bibi alifika kantini amevaa viatu vyake vya kuendea harusini, akaketi juu ya kreti la soda, kijiko mkononi. Kila sufuria ilipita kwake.

"Ongeza chumvi kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mama?"

"Kidogo cha mtu mwenye akili."

Msimamizi alipoingia akauliza huyu ni nani, Mwiko alijibu, "Ulimi wangu." Kabla hajauliza la pili, bibi alishamkabidhi kijiko. Msimamizi akaonja, akaonja tena, kisha akasema bibi atafutiwe aproni na kofia, maana sheria ni sheria.

Harufu haikurudi. Zilikuwepo siku ambazo mvua ilipiga vumbi la uani, wengine wakavuta pumzi na kutabasamu, naye akaingia ndani. Lakini mikono haikukaa bure. Alitia alama ndani ya kikombe cha bati ili kupimia chumvi. Alijifunza kupika kwa masikio: vitunguu vibichi kwenye mafuta hupiga kelele kama mvua juu ya bati, na vikikaribia kuungua hunong'ona. Maharage aliyaminya kwa vidole. Na mama mkwe, aliyekuwa akishinda dirishani akihesabu wapita njia, sasa aliamka wa kwanza na kumgongea mlango.

Mwaka wa pili, bibi alishikwa na homa, Mwiko akaenda peke yake. Alipima, akasikiliza, akaminya, akapakua. Sahani zote zilirudi tupu.

Aliporudi nyumbani alikaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa.

"Walikuulizia, mama."

"Na chakula?"

"Walikimaliza chote."

Bibi alijivutia shuka.

"Walikuwa na njaa," akasema, akageukia ukutani, na Mwiko akaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.